Bosi mtumishi au bosi wa amri: una ofa mbili za hoteli, uangalie nini kabla hujasaini

Msimu unakaribia, mana Juni ikifika mahoteli ya Unguja, Nungwi, Kendwa, Kiwengwa mpaka Paje, yote yanatafuta watu, na kuna vijana wametoka chuo cha utalii Maruhubi juzi tu wana ofa mbili mkononi hawajui waende wapi. Wengi wanalinganisha mshahara na kama kuna gari la wafanyakazi, basi. Sawa, lakini mie naona mishahara ikiwa inakaribiana, kitu cha kutazama kabla ya chengine chochote ni mkubwa wako wa kazi ni mtu wa aina gani, kwa sababu huyo ndo atakaekupangia rosta, atakaesaini likizo yako, atakaekusema ukikosea, na ndo atakaefanya ukirudi nyumbani usiku uwe na hamu ya kuongea na watu wako au upitilize chumbani na hasira zako.

Bosi wa amri hana haja ya kuelezwa sana, tushamzoea tangu skuli. Anasema, unafanya. Taarifa zinatoka juu zinashuka chini, na zikipanda juu basi ni umbea wa nani kachelewa. Si lazima awe mtu mbaya, wapo wanaolipa tarehe ileile kila mwezi na hoteli zao zinang'aa kila kona.

Bosi mtumishi ndo huyu anaezungumzwa sana siku hizi kwenye semina. Fikra yenyewe ilipewa jina na Mmarekani mmoja, Robert Greenleaf, alofanya kazi miaka mingi kwenye kampuni ya simu ya AT&T halafu mwaka 1970 akaandika insha akasema kiongozi wa namna hii anaanza kwa kutaka kuwahudumia watu, hamu ya kuongoza inakuja baadae. Akatoa na kipimo chake: wale wanaohudumiwa, je, wanakua? Wanazidi afya, busara, uhuru wa kujiamulia, na wao pia wanaelekea kuja kuwahudumia wengine? Hakuuliza kama wanampenda bosi wao wala kama bosi anacheka nao.

Na kwetu hili si jambo la kigeni, khatibu anatukumbusha mara ngapi ile hadithi ya kila mmoja wenu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, ipo Bukhari na Muslim, watu wanatikisa vichwa vizuri tu, halafu Jumamosi asubuhi supavaiza anamwita mtu mzima mpumbavu mbele ya wageni.

Magharibi ya Ramadhani

Mie ukitaka nikuoneshe tofauti ya hawa wawili nitakupeleka hoteli ya ufukweni mwezi wa Ramadhani. Wageni wanataka kula huku wanatazama jua linazama, na jua likizama ndo adhana hiyo, kwa hiyo dakika ambayo mgahawa umejaa kuliko zote ndo dakika ambayo weita aliefunga tangu alfajiri anatakiwa afungue.

Hoteli moja huko kaskazini, maneja wake kila Ramadhani anafanya futari kubwa ya siku moja, mihogo, tambi, pweza, kaimati, uji wa pilipili manga, kila kitu, na picha zinapandishwa stetasi kabla watu hawajanawa mikono. Siku zilobaki weita anakunywa maji stoo, kasimama nyuma ya makreti ya soda, akiitwa anatoka huku anameza tende. Hakuna aliemkataza kufuturu, lakini hakuna aliempangia pia, anajiibia mwenyewe.

Hoteli nyengine, hii ya upande wa mashariki, maneja alikuwa mwanamama wa Kikenya, si Muislamu. Kabla mwezi haujaandama alikaa na kepteni wa mgahawa wakawagawa wahudumu makundi mawili, kundi la kwanza likisikia adhana linakwenda kantini linakaa kitako robo saa, uji ushamiminwa kwenye vikombe, kundi la pili linafungua kwa tende na maji palepale kaunta halafu linapokezana na wenzao. Na hiyo robo saa ya mwanzo trei anabeba yeye na mtu wa risepshoni. Nilimuona kwa macho yangu anakusanya sahani chafu na viatu vyake vya ofisini vimejaa mchanga, wageni hata hawajui kama yule ndo maneja.

Sasa linganisha. Gharama ya futari ile ya picha ni kubwa zaidi kuliko vikombe vya uji, lakini waulize wafanyakazi wa hoteli zote mbili wapi wanajihisi watu. Kuridhika na kazi kunatoka kwenye vitu vya kila siku kama hivi, vile ambavyo mtu hahitaji kuviomba wala kuvishukuru. Na ile ya pili ilitaka kazi ya ziada kutoka kwa mkubwa, kukaa, kuuliza, kupanga, kisha kubeba. Utumishi wenyewe uko hapo, kauli laini bila ya mpango haimfikishii mtu uji mezani.

Ukikosea unafanywaje

Shuka nyeupe zimetoka londri zina wekundu, kuna taulo ya pwani imechanganyika humo. Hausikipa ni mpya, ana wiki mbili tu. Bosi wa amri anamsema palepale koridoni, sauti inafika mpaka vyumba vya mwisho, na mwisho wa mwezi anakatwa. Tatizo limekwisha? Ndo kwanza limeanza, mana kuanzia siku hiyo kila shuka ikiharibika inafichwa, inakunjwa inapelekwa chini kabisa ya rafu, na siku ya ukaguzi zinatoka shuka kumi na tano na hakuna anaejua chochote. Yeye anaona wafanyakazi wezi na waongo. Wao wanamuona hana huruma. Na wote wawili kila siku wanapata ushahidi mpya.

Bosi mtumishi anamwita pembeni. Hapa kwetu hilo la pembeni ni zito kuliko anavyodhani mgeni, mtu akisitiriwa anajirudi mwenyewe, akivuliwa nguo mbele za watu anakuwa sugu au anaondoka. Anamuuliza ilikuwaje, na mara nyengine inagundulika shifti ya usiku inatupia kila kitu kwenye toroli moja kwa sababu toroli la pili limekatika tairi tangu mwezi uliopita na hakuna aliethubutu kusema. Anatengeneza toroli. Na kosa bado anaandika, onyo bado anatoa kama linastahiki, mana kuna watu wanafikiri bosi mtumishi ni bosi anaesamehe kila kitu, hapana, huyo ni bosi anaeogopa lawama, na kwa huyo wachapakazi ndo wanaoumia, wanabeba kazi za wavivu na mwisho wanachoka. Kumuacha mvivu atambe ni kumdhulumu mwenzake, na ukifanya kazi chini ya mtu kama huyo hutoridhika hata awe mpole vipi.

Rosta, maziko na sanduku la tipu

Anaekaa mjini akafanya kazi Nungwi anajua, gari inapita Amani hata hakujapambazuka na jioni unarudi umechoka. Ukiongezea rosta inayobandikwa Jumapili usiku kwa wiki inayoanza kesho yake, ofu inarukaruka, huwezi kuahidi harusi wala kumpeleka mtoto kliniki. Bosi wa amri anaona rosta ni yake. Mwengine anaiweka mapema, anaacha watu wabadilishane wenyewe ilimradi kepteni ajue. Kitu kidogo kabisa, hakimgharimu hata shilingi, na mie nimeona watu wamekataa mshahara wa juu kwa ajili ya hichi tu.

Halafu maziko. Kwetu maiti haiwekwi, mtu akifa alfajiri adhuhuri au alasiri ashazikwa. Sasa kuna mkubwa ukimpigia kwamba shangazi amefariki anakwambia jaza fomu ya likizo na ulete cheti, mpaka fomu ipite watu washarudi makaburini. Na kuna mkubwa ambae keshaweka utaratibu kabla ya msiba wowote, akiondoka fulani anaingia fulani, wewe nenda, karatasi utajaza ukirudi. Huyu wa pili siku utakapotakiwa ubaki masaa mawili zaidi kwa sababu kuna kundi limechelewa ndege, unabaki na hununi.

Sanduku la tipu nalo lina maneno. Uliza ufunguo anao nani na linafunguliwa mbele ya nani. Pahala penye bosi mtumishi linahesabiwa mbele ya watu, jikoni na londri nao wana fungu lao, mana mgeni aloacha dola mezani kala chakula kilichopikwa na mtu asiemuona. Pahala pengine pesa zinaingia ofisini zinatoka zimepungua, na ukiuliza wewe ndo mchochezi.

Lakini pesa je

Hapa nataka tusidanganyane. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha utafiti wao wa wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh, Marekani, na alichokiona ni kwamba vitu vinavyomuudhi mtu kazini na vitu vinavyomridhisha haviko kwenye mstari mmoja. Mshahara, sera za kampuni, mazingira, namna unavyosimamiwa, hivi vikiwa vibaya unakasirika, vikiwa vizuri unatulia tu. Kinachokufanya uipende kazi ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana, kazi yenyewe, kupanda. Wapo walompinga baadae, lakini kwa mtu anaechagua kazi naona bado inasaidia.

Mana yake bosi mtumishi ana nguvu pande zote mbili, anasimamia bila ya kuudhi na pia anakupa dhamana na kukutambua. Ila mshahara ukichelewa mwezi wa pili huu hamna usikilizaji utakaokulipia umeme. Nimeona wakubwa wazuri kabisa, watu wa kusikiliza, wanaishiwa heshima kwa sababu tajiri wa hoteli halipi kwa wakati na wao kila siku wanaomba subira. Kwa hiyo ofa ya bosi mzuri kwa tajiri asiyelipa, iache.

Na angalia sana wale wa "sisi hapa ni familia moja". Wengine wanasema kweli. Wengine hiyo familia inakuja pale unapodai ovataimu tu, ukiumwa familia haipo, na msimu ukipungua Aprili familia inaambiwa siku ya mwisho ya mwezi kwamba kesho msije. Mtumishi wa kweli utamjua hapo kwenye masika, anakwambia Februari kwamba tutafunga, watakaobaki ni kadhaa, utaratibu wa kuwarudisha ni huu. Mwaka 2020 ndege zilipokatika hakuna hoteli iliyokuwa na pesa, na bado watu wanakumbuka hadi leo nani aliwapigia simu kuwajulia hali na nani alizima simu.

Tafiti zinasemaje? Zipo nyingi, za nchi nyingi, na kwa jumla zinaonesha pahala penye uongozi wa kitumishi watu wanaridhika zaidi na kazi zao, wanamuamini zaidi mkubwa wao na hawana sana fikra za kuondoka. Ila nyingi ni dodoso, mfanyakazi huyohuyo anampa bosi maksi na anajipa mwenyewe maksi za kuridhika kwa kikao kimoja, kwa hiyo inawezekana pia mtu mwenye furaha zake anamuona kila bosi mzuri. Zisome hivo, kama dalili.

Bosi wa amri anashinda wapi

Jikoni saa mbili usiku hamna kikao. Oda zimejaa, mafuta yanachemka, shefu akisema toa unatoa. Boti iko baharini na upepo umegeuka, nahodha hakusanyi maoni. Na mtu anaeanza kazi hajui chochote, mara nyengine mkali anaeelekeza hatua kwa hatua anamfaa zaidi kwa miezi ya mwanzo kuliko mpole anaemwambia "wewe unaonaje", mana yeye haoni kitu bado. Kuna shefu mmoja namjua ulimi wake ni shubiri, lakini nusu ya wapishi wa mahoteli mawili matatu pale jirani wamepitia mikononi mwake, kila mmoja ana kisu chake na cheo chake. Kwa kile kipimo cha Greenleaf cha watu kukua, huyu anapata maksi kuliko mameneja wengi wanaotabasamu, japo kwenye heshima anafeli vibaya.

Kuna na hili la utamaduni wetu. Bosi mtumishi mgeni anakuja na mikutano, anauliza "kuna maoni?", ukumbi mzima kimya, anaandika kwamba wafanyakazi wameridhika. Wapi bwana. Kijana hatosema mbele ya mkubwa wake wa makamo kwamba jambo fulani limekosewa, atalisema garini wakati wa kurudi. Anaejua kutumikia watu wa hapa anapita mmojammoja, anakaa kantini, anamuuliza hali ya mama yake kwanza, na anarudi wiki ijayo na jibu. Hilo la kurudi na jibu ndo linalokosekana. Kusikilizwa mara tatu bila ya kitu kubadilika kunaudhi kuliko kutokusikilizwa kabisa, afadhali yule wa amri hakukupa matumaini.

Utawajuaje kabla ya kusaini

Kwenye intavyuu kila mtu ni mtumishi. Usimuulize bosi kama anajali wafanyakazi, muulize mtu wa mwisho kupandishwa cheo hapa ni nani na alianzia wapi. Akikutajia hausikipa ambae sasa ni supavaiza, au mlinzi aliepelekwa kozi ya lugha akaingia risepshoni, hiyo ni hoteli yenye mtu anaekuza watu. Akianza kukueleza habari za maadili ya kampuni yaliyobandikwa ukutani, haya. Uliza rosta inatoka lini. Uliza Ramadhani mnapangaje. Halafu nenda kituo cha daladala wanapopanda wafanyakazi wa pale jioni, kaa nao, utapata yote kwa nauli ya kwenda na kurudi, na uwaulize khasa waloacha kazi waliacha kwa nini na sasa wako wapi.

Kwa walioko serikalini, tuseme una nafasi ya kuhamia idara nyengine Chake au Wete huko Pemba, hesabu inabadilika kidogo mana mkubwa wa idara hakupangii mshahara, viwango vinapangwa huko juu. Alichonacho mkononi ni nani anakwenda kozi, nani anapewa safari, likizo inasainiwa lini, na barua yako ya kudai stahiki inalala mezani kwake au inaondoka. Kwa hiyo huko ndo tofauti ya bosi na bosi inaonekana zaidi, kwa sababu kila chengine ni sawasawa. Uliza barua zinakaa mezani siku ngapi.

Chaguo langu mie: ofa mbili zikiwa karibukaribu kwa pesa, nenda kwa bosi mtumishi bila ya kufikiri mara mbili. Tofauti ikiwa kubwa na wewe una jambo lako mahsusi, unamalizia nyumba Fuoni au una ada ya mtoto, na mkataba ni wa msimu mmoja, chukua pesa za bosi wa amri, fanya kazi yako, usimchukulie maneno yake moyoni, na kabla ya msimu kwisha uwe ushaanza kuulizia kwengine. Katika hali zote mbili soma mkataba wote, kumbuka Zanzibar tuna Sheria yetu ya Ajira namba 11 ya 2005 na si ile ya bara ya 2004 ambayo baadhi ya mahoteli yanainukuu kwenye mikataba yao, na baada ya mshahara wa mwanzo nenda ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ukaangalie kama ulichokatwa kimefika.